Gego la Chini, Kulia

Kokwa ya plamu katika mchuzi wa mkwe wangu Tsiuri
ndiyo iliyolipasua. Nikatabasamu, nikameza kipande.

Sasa nimelala chali, hapa Chiatura,
mdomo wazi kama shimo la manganizi,
na daktari Lamzira ananipangia kauri mkononi:
nyeupe, nyeupe ya maziwa, nyeupe iliyoonja chai.
"Hakuna atakayejua," asema.

Jino la pembe si dawa ya pengo, sawa.
Lakini langu si pengo, Lamzira. Ni gofu:
kuta tatu zimesimama, paa limekwenda.
Hiyo kauri, ili ikae, utazichonga kiasi gani?
Ananionyesha kwa ukucha.
Na chuma?
Nusu ya ukucha.

Basi chuma.

Miaka thelathini na mmoja niliendesha kibanda cha angani,
wachimbaji kumi na wawili wakining'inia juu ya mto
kwa waya mweusi wenye grisi.
Hakuna aliyeniuliza kama waya ni mzuri.
Waliuliza: umeukagua?

Mjukuu wangu Gigla asema nitameta nikipiga miayo.
Acha nimete. Nani huchungulia huko nyuma
ila mkate, na nyama ngumu, na ulimi huu
ambao tangu Jumanne haulali,
unapapasa lile bonde kama mtu
aliyeangusha ufunguo gizani?

"Wiki mbili," asema Lamzira. "Usitafunie kulia."

Nje, waya wa zamani bado umevutwa, mtupu,
ng'ambo hadi ng'ambo.
Nimesimama chini yake, shavu limekufa ganzi,
natafuna hewa
upande wa kushoto.