Nimepanda Nyasi

Jirani yangu Lugusha ameegemea baiskeli njiani,
anauliza nimepatwa na nini.
"Tangu tuzaliwe tunang'oa nyasi,
wewe unazinunua kwa kilo?"
Kwa kilo, ndiyo. Na risiti ninayo.

Hili lilikuwa shamba la tumbaku.
Baba alililima hadi likawa jepesi kama jivu la kiko,
na bani aliyoisimamisha kwa udongo wake mwenyewe
ilimeza miyombo yote kuanzia hapa hadi relini Goweko.
Mwaka mvua zilipokata, chama cha msingi
kikaja na daftari.
Wakaondoka na plau, minyororo,
na maksai wawili, Shaba na Mwendapole.
Jembe la mkono wakatuachia.
Baba akasema: hilo halina bei, lina mgongo tu.

Mimi sililimi tena.
Si uvivu, ingawa ndivyo Lugusha asemavyo kilabuni.
Nimeiona ardhi hii ikihama,
tuta baada ya tuta, kila Desemba,
inateremka nyekundu kwenda mbugani
na sisi nyuma yake, na majembe,
tunaisindikiza.

Fundi Hangaya wa Ng'ambo, kule Tabora mjini,
alinichomelea mashine kwa siku tatu:
gurudumu la baiskeli,
kisahani kilichokatwa kwenye plau iliyokufa,
kopo la maziwa ya unga, matundu chini.
Kisahani kinakata, kopo linadondosha,
kipande cha mnyororo kinaburuzwa nyuma kinafukia.
Basi.
Mkato mwembamba, kama wembe kichwani mwa mtoto,
na mabua ya mwaka jana yamelala palepale yalipoangukia.
Ardhi haijui kama imepandwa.

Tabu ni mbegu zenyewe. Hazipatani.
Ya nyasi ina manyoya, haina uzito,
inang'ang'ania kopo kama mgeni asiyetaka kuaga.
Ya figiri ni duara, inateleza,
inazama chini na kumwagika yote kabla hujafika kichuguu.
Mstari wangu wa kwanza ulikuwa figiri tupu,
wa nne, manyoya.
Kalunde, mke wangu, alikuwa amekalia kinu kilichopinduliwa.
Akaingia ndani, akarudi na ungo wa makapi ya mpunga.
Hakusema neno.
Akachanganya mkono ukazama hadi kiwiko,
makapi yakamshika mzito na mwepesi, kila mmoja mahali pake,
nami nikasukuma.
"Kucha," akasema sasa. "Kina cha kucha, si cha kidole.
Ukiizika kwa kidole haifufuki."

Halafu siku kumi na moja, anga kavu.
Treni ya Kigoma ikapita, ikapita tena.
Sisimizi wakajipanga kwenye mkato wa tatu
wakibeba pesa yangu kichwani, punje kwa punje,
na mimi nimechuchumaa, nahesabu, kama karani wa chama.

Usiku wa kumi na mbili bati likalia.

Figiri hutoka na majani mawili
yaliyopasuka katikati, kama kwato za ndama.
Nyasi hutoka uzi, uzi mmoja mmoja,
mtu anajaribu kushona gizani.
Ukisimama mlango wa jikoni unaiona mistari yote.
Ukisimama njiani unaona mabua.

Lugusha amesimama njiani.
"Hakuna kitu," anasema, na ana haki,
kutoka pale hakuna kitu.
Simwiti aje upande huu.
Atakuja Agosti, mbuga ikiwa imebaki vumbi na kwato,
na gunia tupu chini ya kwapa.
Sijui bado kama nitampimia kwa kilo.

Deni, mtamba tuliyemnunua kwa pesa ya mwisho ya tumbaku,
amekaza kamba tangu asubuhi,
pua yake imeelekea mistari.