Pilipili Manga

Ni duara, bapa, wamesimama wima majini,
na hapa Saigoni ndivyo tunavyowaita: samaki-sahani.
Baba aliwazalisha juu ya paa, wilaya ya nane,
matangi kumi na sita chini ya mabati,
na mgongoni mwa kila tangi rangi nyeusi
aliyoipaka mwenyewe, kopo baada ya kopo,
kwa kuwa, alisema, chungwa huwaka vizuri penye giza.

Wakawaka, kweli. Mwezi mmoja.
Kisha nukta zikaanza:
moja karibu na jicho, mbili kwenye pezi,
halafu mwili mzima, kana kwamba mtu
amewakoholea masizi.
Bwana Tuong, mnunuzi, alisogeza miwani,
akahesabu hadi thelathini, akaacha.
"Mzee Nghiem, hawa umewatia pilipili manga."
Akacheka. Hakununua.

Baba akabadilisha maji asubuhi, akabadilisha jioni.
Alisaga moyo wa ng'ombe na uduvi na kitunguu saumu,
akapima joto, ishirini na tisa, thelathini,
akamshuku dume, akamshuku jike,
akamshuku hata bibi yake dume:
"Mbegu ina doa."
Aliyasema hayo mbele yangu,
mimi niliyezaliwa na uso wa yai la kware,
mimi ambaye mama alinipaka krimu ya kopo la waridi
kila usiku tangu darasa la nne
mpaka ngozi ikawasha, ikachubuka,
madoa yakabaki.

Kuna unga, Tuong alinong'ona. Kijiko kimoja kwa wiki.
Watakuwa wekundu kabla hawajajua kugeuka,
wekundu wa kuuzika. Baadaye hawatazaa,
lakini baadaye ni shauri la aliyelipa.
Baba aliutia mfukoni. Ukakaa mfukoni.
Shati likafuliwa nao, na beseni zima,
na mikono ya mama mpaka viwiko,
vikawa chungwa tupu.
Tulicheka siku hiyo. Ilikuwa zamani hatujacheka.

Mimi ndiye niliyeshinda nao, mwaka ule nilipokosa chuo,
kiti cha plastiki, miguu ndani ya ndoo.
Nikaona: wale wa tangi la karantini,
lile dogo ambalo rangi haikulifikia,
linalotazamana na ukuta wa jirani uliopakwa chokaa,
ndugu wa mayai yale yale na hawa wa masizi,
walikuwa safi.
Basi samaki hakuwa mgonjwa. Samaki alikuwa anatii.
Aligeuka nyuma, akaona usiku,
akajishonea usiku kidogo wa kuvaa.

Nikakwangua. Wembe, siku tatu,
weusi ukajaa kwenye kucha.
Baba alipanda ngazi, akanikuta, akanyamaza,
akashuka, akarudi na wembe wa pili.
Tulipaka buluu ya bei rahisi, iliyosalia
kwenye duka la mkwewe fundi wa milango.

Wiki ya sita nukta zilipauka.
Si zote. Wa tangi la tisa
wana vumbi lao mgongoni mpaka leo.
Tuong alichukua arobaini na wawili,
akalipita la tisa kama mtu apitaye mdai wake.

Usiku huu vifaranga mia tatu na ushei
wamebanduka kwenye koni ya udongo
wakamwendea mama yao, jike la tangi la tisa.
Wanamdonoa ubavuni, wanakula ute wa ngozi yake
penye doa, pasipo doa.
Yeye ametulia, anapepea pezi moja tu.
Akichoka humkabidhi dume, kwa mtikisiko mmoja,
kundi zima likahama kama kivuli.

Baba ameinama hadi pua imegusa kioo.
"Watatoka na pilipili?"
Ananitazama usoni, kisha anatazama kando, haraka.
"Sijui," nasema. "Pipa limejaa.
Funga bomba."