Dawa ya Baridi

Huntly, Januari, saa kumi na moja alfajiri.
Maji ya bombani yamenigusa
kama mkono wa mtu asiyenijua.
Tangi lasoma thelathini na moja. Jana, arobaini na nane.

Nimevaa koti la marehemu Swabra, nikatoka.
Pampu inavuma ukutani, feni imeota ndevu za barafu.
Haijafa. Inahema.

Lachlan fundi alisema kwenye simu: anza na chujio.
Nikafunga vali mbili, nikalegeza kifuniko,
likatoka tope jeusi, laini kama wanja.
Kisha tone moja la dawa ya kuzuia kuganda
kwenye kioo cha kupimia:
asilimia hamsini na mbili.
Nani kaimimina yote hii?
Mimi. Novemba, kwa hofu, dumu juu ya dumu,
hata maji yakawa mazito kama shira,
yakashindwa kulibeba joto hadi ndani.

Nimemwaga nusu, nikajaza maji matupu.
Vidole vimekufa ganzi.

Dawa ya moto ni moto, tuliambiwa.
Na hili sanduku la bati, theluji magotini,
linakamua joto
kwenye baridi ile ile.

Thelathini na nne.
Sijaoga bado.
Thelathini na tano.