Rangi za Arobaini

Kwa Mishi, mdogo wangu, mwezi wa nane

Hakuna aliyenambia, Mishi, kwa hivyo nakwambia mimi.

Miaka sita nachanganya rangi dukani Mwembe Tayari.
Mteja huja na kipande cha ukuta mfukoni,
"Nipatie hii hii," nami naipata.
Lakini usiku wa kwanza niliporudi kutoka Makadara,
nilipoinuka kwenda msalani
joto likanishuka hadi visiginoni,
nikasimama juu ya simiti
kama aliyemwaga debe la mwenye duka.

Bi Mwanakheri, mkandaji, alikuwa mlangoni na beseni.
"Umelala, imekusanyika. Umeinuka, imeshuka.
Mtungi ukiuinamisha, wafanyaje?"
Akanitandikia kanga kuukuu, jina lake limefutika.

Siku tatu, nne, ni nyekundu yenyewe, haijatiwa maji.
Na mabonge.
La ukubwa wa zabibu, nyamaza.
La ukubwa wa ndimu, sema.
Nunua pedi nene, zisizo na madaha,
wala usiingize kitu ndani, hata pamba:
kule bado ni kidonda.

Mtoto akishika ziwa, tumbo hukaza kama ngumi
na chini kunajibu.
Hilo nililia. Bi Mwanakheri akacheka:
"Nyumba yajifunga chumba baada ya chumba.
Mgeni si ameshatoka?"
(Hata Saumu wa ghorofani, aliyepasuliwa, ilimtoka.
Usidhani kisu huifuta.)

Siku ya sita ikafifia, waridi la juzi,
kisha kahawia ile tunayoiita dukani "mbao kuukuu",
haina wateja.
Harufu yake ni ya hedhi, ya sarafu kiganjani.
Hiyo ni yake, iache.

Siku ya kumi na moja mifereji ikakauka tena Majengo.
Mkokoteni ukaleta maji, Athmani yuko kazini,
nami najiona mzima.
Mtungi mmoja tu. Lita ishirini. Ngazi kumi na nne.
Jioni, nyekundu ikarudi.
Safari hii Bi Mwanakheri hakucheka.
"Mwili hauna ulimi, Mwanatumu. Huandika.
Lala. Ikifika kesho haijapungua, twenda hospitali."
Ikapungua.

Sasa hapa soma mara mbili.
Dhahabu, jirani yetu, alijaza pedi kabla saa haijaisha,
akabadilisha, ikajaa, akasema ni arobaini, ni kawaida.
Aliona haya kumwamsha mama mkwe saa saba ya usiku.
Dada yake alimkuta midomo imekuwa chokaa.
Tuktuk haikusimama kwenye taa hata moja.
Walimwahi.
Mimi sitaki kuishi kwa "walimwahi".
Pedi ikijaa ndani ya saa, ikinuka uvundo,
ukishikwa na homa, na kitetemeshi,
kichwa kikawa chepesi na moyo mbio,
usinipigie mimi kwanza. Nenda.
Haya utaziosha baadaye.

Wiki ya tatu ni njano ya siagi,
kisha nyeupe, uji wa mchele uliopoa.
Siku mbili hakuna kitu, ya tatu tone.
Mama mkwe ahesabu kwa sauti,
Athmani ahesabu kwa macho, kalenda ukutani,
lakini mwili haukusomeshwa kalenda:
mimi thelathini na tatu, Saumu arobaini na moja.

Asubuhi ile kitambaa kilitoka kama kilivyoingia.
Nikaoga, nikatandika mswala,
paji la uso likakumbuka njia.

Ile kanga niliifua kwa sabuni ya mche, nikaianika darini.
Pembeni pamebaki alama.
Nilirudi kazini, nikajaribu kuichanganya:
nyekundu, nyeusi kidogo, njano, tone la nyeupe.
Makopo manne.
Sikuipata.

Nimekuwekea, imekunjwa.
Na pedi pakiti tatu, zile nene.