Azimio la Kazi, Kidato cha Pili

Januari. Meza ya jikoni, Kayenze.
Karatasi ya miraba, rula iliyovunjika kwenye sentimita ya tatu,
na penseli, maana wino una kiburi.
Nachora safu: Mwezi. Wiki. Mada. Vipindi. Zana. Maoni.
Ile ya mwisho huachwa wazi,
huja kujazwa na yaliyotupata.

Mtaala unaanza na uainishaji:
kila chenye uhai kipewe jina na ukoo.
Hapo sina wasiwasi. Watoto hawa
humtofautisha sato na mumi kwa ncha ya kidole,
macho wamefumba.
Kazi yangu ni kuwaambia kuwa hiyo nayo ni elimu,
kisha kuwakata maksi kwa tahajia ya Kilatini.

Wiki ya nne nasita.
Natoa ukutani kalenda ya duka la pembejeo,
natafuta viduara vyeusi.
Dagaa huvuliwa gizani.
Mwezi ukifa, madawati ya nyuma nayo hufa:
Masatu, Bituro, yule mrefu wa dirishani,
wote wako majini na taa zao hadi kuche,
na wakija darasani, kimekuja kiwiliwili tu.
Basi hadubini (tunayo moja,
jicho lake lina ufa mwembamba kama unywele)
siiweki wiki ya giza.
Naiweka mbalamwezi, nyavu zikiwa zimeanikwa,
kila mmoja aone, walau mara moja,
ngozi ya kitunguu ilivyojengwa
tofali kwa tofali, na fundi haonekani.

Halafu kichocho.
Mtaala unakiweka Septemba.
Konokono hawajausoma mtaala.

Mwaka jana nilikifundisha Septemba, kama nilivyoagizwa.
Kipindi kikaisha, Bituro akabaki akifuta ubao
ambao ulikuwa umeshafutwa.
“Mwalimu, kwa hiyo ule mkojo mwekundu
si dalili kwamba mtu amekuwa mwanamume?”
Alikuwa nao tangu Pasaka.
Nikampeleka zahanati kwa miguu, hatukuzungumza njiani.
Jioni, kwenye safu ya Maoni, niliandika:
Mada imeeleweka.

Nafuta. Kifutio kinatoboa karatasi, naendelea.
Kichocho: Februari, wiki ya pili, vipindi viwili mfululizo,
kabla masika hayajajaza vidimbwi vya mwaloni.
Zana: konokono watatu, chupa ya jemu, kifuniko kisicholegea.

Mwalimu Rutashobya wa taaluma ataniita.
Ataweka miwani, atauliza
mada hii imerukaje foleni.
Yeye nitamwandikia azimio lake, kwa wino,
limenyooka kama gwaride, Septemba mahali pake.
Atalipiga muhuri, ataliweka kabatini,
na mchwa watalisoma lote
(mchwa: arithropoda, wiki ya tatu).

Julai nimechomeka vipindi viwili visivyo na mada.
Ni vya Minza.
Aliniletea mkebe wa mafuta ya mgando,
ndani samaki mdogo, ubavu wa buluu, amekauka.
“Bibi anasema zamani furu hawa walikuwa kama mchanga.
Wako ukurasa wa ngapi?”
Nilifunua kitabu kuanzia mwanzo, nikafunua tena kuanzia mwisho,
kengele ikaniokoa.
Mkebe bado ninao. Uko juu ya kabati la vyombo,
na mara nyingine, nikisonga ugali, naukwepa kwa macho.

Umeme umekatika.
Naendelea kwa tochi ya simu, asilimia kumi na moja.
Agosti, upumuaji.
Zana: kichwa cha sangara.
Nimwombe Nyafuru wa mapanki,
nifike kabla ya saa moja asubuhi,
matamvua yakiwa bado mekundu,
sufuria yake ikiwa bado haijachemka.