Sita Kasoro Kidogo

Jioni ninaiacha kwenye sita.
Alfajiri naikuta kwenye mbili,
sindano imelala ubavu kama mtu aliyesusa.
Siku ya kwanza niliipiga geji kakofi.
Siku ya pili nikaapa ni macho yangu.
Ya tatu, meneja Chitanda akasimama mlangoni:
"Sijaona, umeona?"
Jina langu hilo. Analipenda sana mzaha huo.

Boila yetu haina makuu.
Pipa la chuma lililopanda Kitangari juu ya lori,
linakula maganda ya korosho, linatema mvuke,
na mvuke ndio unaolegeza ganda
ili wanawake wa mezani wabangue bila kuvunja.
Presha ikishuka, ganda linagoma,
punje inatoka vipande,
na kipande hakijawahi kulipwa kama nzima.

Fundi alikuja kutoka Mtwara mjini na begi la ngozi.
Akasema: pampu.
Akataja bei.
Akamaliza chai, akaondoka.

Nikabaki na povu la sabuni kwenye kopo.
Nikapaka kila nati, kila kiungo, kila shingo ya bomba,
kama unavyompaka mtoto mafuta, usisahau nyuma ya masikio.
Povu likatulia. Hakuna kilichopumua.
Nikaweka mpini wa ufagio sikioni,
ncha ya pili kwenye vali ya usalama,
nikasikiliza kama mkunga.
Nikasikia moyo wangu tu.

Mbuzi ndio walionijibu.
Julai hii nchi imekauka, rangi ya gunia,
nao wamejazana nyuma ya ukuta
wanapigana pembe kwa ajili ya majani mabichi.
Mabichi! Julai! Huku mlimani ambako maji yanapandishwa kwa mashine!
Nikalifuata bomba la kutolea tope mpaka mdomoni mwake.
Tone.
Tone.
Na chini ya tone, ndoo.

Ndoo ya njano, imekalishwa juu ya matofali mawili,
kipande cha tatu kimechomekwa upande ili isiyumbe.
Mtu aliipimia mahali pake.
Kipande cha kanga kilichofungwa mkononi mwake nakijua:
ni cha Somoe Nandule, nyumba ya pili baada ya ghala.
Mama yake alianguka mwaka juzi akitoka uani.
Presha, walisema zahanati,
ilipanda mpaka mshipa ukashindwa,
tangu hapo mkono na mguu wa kushoto haumsikii.
Mtu wa hivyo haogeshwi maji baridi.
Na hapa maji hununuliwa,
na kuni za kuyachemsha nazo hununuliwa.

Jumapili, moto umezimwa, nikaifungua vali.
Chembe ya ukoko, saizi ya mtama,
imejibana kwenye kiti chake, inazuia kifuniko kukaa.
Nikaing'oa kwa ukucha.
Nikasugua kwa msasa laini, nikafunga.
Siku tisa za kutafuta, dakika ishirini za kazi.

Jumatatu jioni: sita.
Jumanne alfajiri: sita kasoro kidogo.
Chitanda akanipa mkono, mkono mzima.
Nyuma ya ukuta ndoo ilikuwa palepale,
kavu, na jani moja la mkorosho ndani yake.

Sikumfuata Somoe. Ningemwambia nini,
kwamba nimeziba?

Siku hizi kabla ya kutoka zamu
nafungulia bomba la mvuke uliopoa,
maji safi, hayana tope,
naijaza ndoo, nairudisha juu ya matofali.
Asubuhi naikuta tupu, imesuuzwa, imepinduliwa.
Hatujawahi kulizungumza.
Mbuzi bado wanapita, wananitazama kama nimewadhulumu.

Daftari la zamu lina safu ya maji yaliyopotea.
Naandika: lita ishirini.
Safu inayofuata ni ya sababu.
Naiacha wazi,
na kila Ijumaa Chitanda anaiangalia,
ananiangalia,
anatia saini.