Kachinja Nani

Baba alikuwa mchinjaji wa Langoni.
Alfajiri alinoa kisu, akakificha mbuzi asikione,
akamwelekeza kibla, akataja Jina,
njia ya pumzi na njia ya chakula
zikakatika kwa mkupuo mmoja.
Watu walinunua mkono kabla ya kununua nyama.
"Kachinja nani?"
"Shekuwe."
Basi. Kikapu kilifunguka.

Mimi nimerithi duka, kisu sikurithi.
Jana zimevushwa kutoka Mokowe katoni arubaini
za jeli ya unga: nyekundu, kijani, ya nanasi.
Idi imebaki siku nne.
Mgongoni pa pakiti, kwa herufi kama sisimizi:
sukari, rangi, ndimu ya unga, jelatini.

Jelatini ya nani?
Ngozi ya ng'ombe? Mfupa wa nguruwe?
Aliyekufa kwa kisu, au kibudu?
Pakiti ina picha ya mtoto anacheka.

Nikatia komeo, nikamwendea Maalim Bwanarehema,
mdogo kwangu kwa miaka tisa,
nikamkuta anamlisha mwanawe uji.
"Asili ya vitu ni uhalali," alisema, kijiko hewani.
"Ila nyama. Nyama ni mlango uliofungwa,
mpaka uniletee ufunguo."
Nikasema: Maalim, hii si nyama tena.
Imechemshwa, imechujwa, imesagwa,
haina damu, haina harufu.
Akacheka. "Sasa umegonga mlango wa istihala.
Mvinyo ukigeuka siki wenyewe, ni tohara, hilo hatugombani.
Na mbwa akitumbukia shimo la chumvi,
akakaa, akakaa, akawa chumvi?
Kuna Wahanafi wasemao: ni chumvi.
Jina limekwenda, hukumu imelifuata.
Sisi Mashafii twaionja kwa macho tu,
twasema, chumvi hii ina kumbukumbu."
Akamfuta mtoto kidevu.
"Lakini jelatini yako imegeuka kweli,
au imevaa kanzu nyingine?
Hilo muulize ajuaye jiko la kiwanda."

Dada yangu Mwanaidi asomesha kemia.
Alikuwa anasahihisha madaftari, hakuinua kichwa.
"Kamba ukiifumua ikawa nyuzi," alisema,
"ni kamba bado?"
Nikamwambia nimekuja kuuliza, si kuulizwa.
"Basi ndivyo ilivyo. Imefumuliwa.
Wenye kuona kamba wataona kamba."

Nikarudi na rai mbili na deni la elfu sitini.
Yakini haiondoshwi na shaka, tulifundishwa chuoni,
tukaimba hadi fimbo ikatulia.
Ila hawakutufundisha la kufanya
mtu asipokuwa na yakini ya kuondoshewa.

Usiku nilikata ubavu wa katoni,
nikaandika kwa kalamu ya wino mnene:
JELI. MNYAMA WAKE SIMJUI.
KACHINJA NANI: SIJUI.
Nikautundika kwenye ndoana ya baba,
ile ya paja, iliyobaki darini na kutu yake.

Walikuja. Wengine walisoma, wakacheka, wakanunua.
Wengine walisoma, wakarudisha pakiti polepole,
kama mtu arudishaye siri.
Jirani mwenye duka aliniambia nimewaharibia mtaa mzima,
kwamba sasa wateja wanageuza hadi biskuti
kutazama mgongo.

Bi Mwanashee wa Mkomani alisoma mara mbili,
akavua miwani.
"Mama alikuwa akichemsha mwani," alisema,
"na maziwa, na iliki, na marashi ya waridi kidogo.
Ukiganda twaukata vipande, twagombea pembe.
Hakuna aliyeuliza kachinja nani.
Mwani hauna shingo, mwanangu."
Akanunua sukari kilo mbili, akaenda zake.

Idi imepita.
Katoni thelathini na moja zingali nyuma ya mizani.
Mke wangu asema nizitupe, zinaleta panya.
Sijazitupa.
Kutupa nako ni hukumu.